Kuzipa hati majina kwa mkupuo kutoka kwenye msimbopau wake

Faili linaloitwa SCAN0417.pdf halimdanganyi mtu. Ukiliona unajua bado halijapewa jina, unalifungua na kutazama ndani. Lakini faili linaloitwa DN24-001873.pdf, na ndani yake mna hati ya makabidhiano ya mzigo namba 001878, hakuna atakayelifungua kulikagua. Siku mteja akikana kupokea mzigo wa 001878, hati yenye saini na mhuri wake itakuwa imo humo humo kwenye folda, na mtaitafuta mpaka mchoke.

Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaonipigia simu kuhusu kazi hii ya kuyapa mafaili majina huniuliza ni programu gani inasoma barkodi, yaani msimbopau, haraka zaidi. Kusoma si tatizo, programu za bure zinasoma vizuri sana. Kazi ni kuhakikisha hakuna jina linaloandikwa kabla halijathibitishwa, na hilo ndilo nitakaloeleza, kama nilivyojifunza kwenye masjala za wasafirishaji wa mizigo hapa Dar es Salaam.

Mzigo ukitoka ghalani hutoka na hati ya makabidhiano. Vijana wa ghala wanaiita dilivari tu. Inapanda lori, inakwenda Kahama au Tunduma, pengine inavuka mipaka hadi Lubumbashi. Huko inasainiwa, inapigwa mhuri, inakunjwa mara nne na kurudi na dereva. Bila dilivari yenye saini, ankara hailipwi. Mwisho wa mwezi karani wa masjala ana rundo mezani, skana inazimeza zote na kumrudishia mafaili yenye namba za mfululizo zisizohusiana na chochote. Hapo ndipo mtu alikuwa anaketi kufungua moja moja, anasoma namba, anaandika jina. Karani mzuri anaweza, lakini baada ya hati sitini macho yanaanza kuona 3 kuwa 8, na hilo si kosa lake.

Kwa nini msimbopau, na si kuiachia kompyuta isome namba iliyochapwa? Kwa sababu namba iliyosomwa kwenye maandishi haina shahidi. Sifuri na O, moja na I, 8 na B, programu huchagua mojawapo na kusonga mbele. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel alionyesha kuwa baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zinabadilisha tarakimu ndani ya picha yenyewe, 6 ikawa 8, kutokana na mbinu ya kubana picha iitwayo JBIG2. Mbinu hiyo huchukua umbo moja na kulirudia kila inapoona umbo linalofanana nalo. Nakala inatoka safi, haina hata doa, na namba yake si kweli. Tangu nilipoisoma habari hiyo, skana yoyote mpya naanza kwa kutazama inabanaje picha.

Msimbopau wa aina ya Code 128, uliobuniwa mwaka 1981, unabeba shahidi wake ndani, na kanuni yake ni ya lazima. Kila herufi ina thamani. Thamani inazidishwa kwa nafasi ya herufi, zote zinajumlishwa pamoja na thamani ya alama ya kuanzia, jumla inagawanywa kwa 103, na baki linachapwa kama herufi ya mwisho. Chukua herufi mbili tu, DN. Alama ya kuanzia ni 104, D ni 36, N ni 46. Basi 104 + 36×1 + 46×2 ni 232, ukigawanya kwa 103 linabaki 26. Zikigeuka zikawa ND, jumla ni 222 na baki ni 16. Programu ikikuta baki haliafikiani na lililochapwa, haibahatishi, inakataa. Kukataa huko kuna thamani kubwa kwangu kuliko kasi yoyote.

Si kila msimbopau uko hivyo. Code 39, wa mwaka 1974, uhakiki wake ni wa hiari na ofisi nyingi hazijauwasha. Interleaved 2 of 5 ni hatari zaidi: mstari wa kusoma ukipita mshazari unaweza kuambulia kipande tu cha namba na kukirudisha kana kwamba ni namba kamili. Kama fomu zenu zina huo, weka sharti la urefu: tarakimu ngapi hasa, si pungufu wala zaidi.

Nukta ngapi kwa inchi

Hapa ndipo kazi nyingi hufia, na hesabu yake ni nyepesi. Skana ikiwekwa nukta 200 kwa inchi, pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, ina upana wa milimita 0.127. Kwa nukta 300 ni milimita 0.085 hivi. Sasa pima upau, yaani mstari mmoja, mwembamba kuliko yote kwenye msimbopau wako. Kama ni milimita 0.33, kwa nukta 200 unapata pikseli 2.6, inasomeka. Kama fomu ilichapwa ndogo na upau ni milimita 0.19, unapata pikseli moja na nusu. Upau wenye pikseli moja na nusu si upau tena, ni ukungu wa kijivu. Kwa nukta 300 unapata zaidi ya mbili, na msomaji anaweza kuanza kufanya kazi yake. Nimeshaona ofisi ikinunua programu ya gharama kubwa kumbe dawa ilikuwa kubadilisha mpangilio mmoja kwenye skana.

Kwa upande wa programu mimi natumia mbili, zote za bure. Ya kwanza inageuza kila ukurasa wa PDF kuwa picha, ya pili inasoma:

pdftoppm -r 300 -gray -png hati.pdf ukurasa
zbarimg -q --raw -Sdisable -Scode128.enable ukurasa-1.png

Maneno yenye uzito hapo ni -Sdisable na -Scode128.enable. La kwanza linazima aina zote za misimbo, la pili linawasha ile moja ninayoitaka. Ukiiruka hatua hii utaniunga mkono haraka sana, maana karatasi inayorudi kutoka safarini haina msimbo mmoja. Imebanwa na risiti ya EFD, mashine ya kodi, yenye msimbo wa QR wa TRA, mamlaka ya mapato. Ikipitia Kenya inaweza kuwa na ankara yenye QR ya KRA, mamlaka ya mapato ya huko. Wakati mwingine mtu wa ghala amebandika lebo ya boksi la bidhaa kwenye kona. Niliwahi kukuta mafaili kadhaa yenye majina ya tarakimu 13 yanayoanza na 620. Nikajua papo hapo kilichotokea: 620 ni kiambishi cha Tanzania kwenye misimbopau ya bidhaa, kama 616 ilivyo cha Kenya. Hati zilikuwa zimepewa jina la bidhaa iliyokuwa kwenye boksi.

Kwa hiyo baada ya kuchuja aina, nachuja umbo. Namba ya kweli ianze na DN, ifuate mwaka kwa tarakimu mbili, kisha tarakimu sita. Halafu kichujio cha mwisho, ambacho naona watu wengi wanakisahau: namba iwe imo kwenye orodha ya dilivari zilizotolewa na ghala mwezi huo. Orodha hiyo ipo tayari kwenye mfumo wa ghala, iombe. Namba inaweza kusomeka vizuri, ikawa na umbo sahihi, na bado ikawa ya fomu ya majaribio iliyochapwa na fundi wa printa.

Soma kwanza, taja baadaye

Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza kurasa. Niliandika faili la bechi la Windows, yaani orodha ya amri zinazojiendesha zenyewe, likisoma msimbopau na kubadili jina hapo hapo kwa amri ya move. Nilikuwa nimeijaribu amri hiyo kwa mkono kwenye dirisha la amri, na ilipokuta jina limeshatumika iliniuliza kwanza. Sikujua kwamba amri hiyo hiyo ikiwa ndani ya faili la bechi haiulizi. Inafuta faili lililokuwepo na kuendelea. Hati za kurasa mbili zilikuwa zimeskaniwa kila ukurasa faili lake, na msimbopau ni mmoja kwenye kurasa zote mbili. Ukurasa wa pili ukafuta wa kwanza, ule wenye saini. Kwa neema karatasi zilikuwa bado kwenye maboksi, tukaziskani upya. Zingekuwa zimeshateketezwa, ankara zile zingebaki bila ushahidi, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kibodi.

Tangu siku hiyo natenganisha kusoma na kutaja. Mzunguko wa kwanza haugusi faili lolote. Unasoma tu na kuandika daftari: jina la zamani, ukurasa, namba iliyosomwa, jina linalopendekezwa, na alama ya SHA-256 ya faili, ambayo ni kama alama ya kidole ya yaliyomo ndani yake. Karani analipitia daftari, mimi nalipitia, tunafungua mafaili machache bila kuchagua na kulinganisha kwa macho. Mzunguko wa pili unanakili, hauhamishi. Nakala zenye majina mapya zinakwenda folda nyingine, na zile za awali zinabaki zimefungwa zisihaririwe mpaka mkaguzi wa hesabu aridhike.

Namba ikijirudia, daftari linaonyesha. Alama za SHA-256 zikiwa sawa, ni faili lile lile limeingia mara mbili. Zikitofautiana, linaweza kuwa ukurasa mwingine, au nakala ya mteja, au hati iliyoskaniwa tena baada ya kurekebishwa. Hilo mashine haiamui. Linapata _2 mwishoni na kumsubiri mtu.

Neno la tahadhari kuhusu hilo daftari: usilifungue kwenye Excel kwa kubofya mara mbili. Kwenye namba zisizo na herufi sifuri za mwanzo zitaondoka, 001873 itakuwa 1873. Namba ndefu ni balaa zaidi, kwa sababu Excel inahifadhi tarakimu 15 tu zenye maana, na namba za mapaleti zina tarakimu 18, hivyo tatu za mwisho zinageuka sifuri. Ingiza data kwa kuiambia safu hiyo ni maandishi. Na kama namba zenu zina mkwaju, mfano DN/24/001873, Windows haikubali mkwaju kwenye jina la faili. Weka kistari, na kubalianeni nyote ni kistari.

Mkusanyo ulioskaniwa kama PDF moja ndefu una kanuni yake: kila unapokutana na msimbopau, hapo inaanza hati mpya, na kurasa zisizo na msimbopau ni za hati iliyotangulia. Ni mbinu nzuri yenye shimo moja. Ukurasa wa kwanza wa hati fulani usiposomeka, hati nzima inamezwa na jirani yake, kimya kimya. Ndiyo maana nasisitiza msimbopau uchapwe kila ukurasa, na namba ya ukurasa iwe ndani ya msimbo wenyewe. Kama haiwezekani, hesabu kurasa: hati yoyote iliyozidi idadi ya kawaida ipelekwe kwa mtu.

Fomu yenyewe

Ukitaka kupunguza zisizosomeka, usihangaike na programu, nenda kwa aliyebuni fomu. Code 128 inahitaji nafasi nyeupe kila upande, mara kumi ya upana wa upau mwembamba. Kwa upau wa milimita 0.33 ni milimita 3.3, si kubwa, lakini wabunifu wanapenda kuuzungushia msimbopau fremu nzuri inayougusa, na msomaji hajui tena unaanzia wapi. Pia kuna printa zinazopunguza ukurasa ili utoshe kwenye karatasi, na msimbopau unapungua nao.

Halafu mihuri. Mpokeaji wa mzigo hupiga muhuri panapoonekana pa muhimu, na kwenye karatasi yetu palipoonekana pa muhimu kuliko pote palikuwa juu ya msimbopau. Hakuna aliyemwambia asipige hapo. Tuliuhamishia msimbopau kona ya juu kulia, na chini tukachora kisanduku kikubwa kitupu chenye maneno mawili: MHURI HAPA. Tukarudia msimbopau ule ule pia mguuni mwa ukurasa, upande wa pili, ili mkunjo au doa la chai likiua mmoja, mwingine upone. Yote hayo hayakugharimu hata shilingi ya programu.

Zinazobaki zinaingia folda niliyoiita HAZIKUSOMEKA, na jina la faili halibadiliki kabisa. Karani mmoja anasoma namba iliyo chini ya msimbopau na kuiandika, karani wa pili anaiandika upya bila kuona ya mwenzake, na kompyuta inalinganisha kisha inatafuta kwenye orodha ya ghala. Wakitofautiana, tunaitoa karatasi yenyewe kwenye boksi na kuitazama dirishani, kwenye mwanga wa jua. Wiki iliyopita tulikuwa na moja kutoka Tunduma ambayo hata hapo haikusomeka, wino ulikuwa umelowa mvua. Tulimpigia dereva simu, akakumbuka namba ya lori na siku aliyoshusha, na kwa hizo mbili tukaipata kwenye orodha.