Nani aliyapa majimbo ya Iowa na New Hampshire haki ya kutangulia vyama vya Marekani vinapochagua wagombea wao wa urais?

Dhana: Sheria za Marekani zinataka kura za mchujo za urais, zile za kumpata mgombea wa chama, zianzie huko.

Ukweli: Katiba haisemi jimbo lipi litangulie kwenye kura za mchujo. New Hampshire imetangulia tangu 1920, kisha ikajitungia sheria yake yenyewe ya kulinda nafasi hiyo. Iowa, ambako wanachama huchagua kwenye mikutano ya chama (caucus), ilijikuta mbele mwaka 1972 kwa sababu ya ratiba. Baada ya vurugu za mkutano mkuu wa chama cha Democratic huko Chicago mwaka 1968, kanuni mpya zilidai muda wa kutosha kati ya ngazi moja ya mikutano ya chama na nyingine, na Iowa ina ngazi nyingi. Ikabidi ianze mapema.

Dhana: Akishinda Iowa, ndiye atakayepeperusha bendera ya chama.

Ukweli: Mike Huckabee (2008), Rick Santorum (2012) na Ted Cruz (2016) walishinda huko upande wa Republican, na wote wakaikosa tiketi. Joe Biden mwaka 2020 alikuwa wa nne Iowa na wa tano New Hampshire, mpaka South Carolina, yenye wapiga kura weusi wengi, ikamfufua. Majimbo ya mwanzo hutoa wajumbe wachache mno, yaani wale wanaomteua mgombea kwenye mkutano mkuu wa chama. Kazi yake hasa ni kupunguza wagombea: anayeboronga hukimbiwa na kamera na wafadhili, akafunga virago kabla California haijapiga kura. Mtu wa Los Angeles hukuta orodha imeshapunguzwa.

Dhana: Watu wa Iowa na New Hampshire wanastahili kutangulia, kwa kuwa huwapima wagombea ana kwa ana.

Ukweli: Hii ndiyo hoja yao nzito, na sitaibeza. Kwenye jimbo dogo, mgombea asiye na fedha anaweza kuzunguka mikahawani akijibu maswali. Mkianzia Texas, atatamba mwenye matangazo ya televisheni. Ila hoja hiyo inatetea udogo, haiitetei Iowa. Delaware ni ndogo pia, New Mexico nayo haina watu wengi; kwa nini zisipokezane zamu? Tena Iowa na New Hampshire zote mbili zina wakazi weupe zaidi ya asilimia 80, na mikutano ya Iowa hufanyika usiku wa baridi kali, mwenye zamu kazini akakosa sauti.

Dhana: Mpangilio huu haugusiki.

Ukweli: Kwa 2024, Democratic walitaka South Carolina itangulie. New Hampshire ikakaidi, ikapiga kura Januari 23. Biden hakuwa kwenye karatasi za kura. Wafuasi wake waliandika jina lake kwa mkono, akashinda. Republican, wao, walianza na Iowa kama kawaida.