Mwamba hauharibiwi kwa mikono tu

Haya ni madai yanayosikika kwa wazamiaji na waongozaji wao kuhusu miamba ya matumbawe, na jibu la kila moja.

"Matumbawe ni mawe." Jiwe lipo, lakini ni mifupa ya chokaa, kilicho hai ni ngozi nyembamba iliyotanda juu yake. Ukisimama hapo kurekebisha miwani, ngozi inasagika kati ya pezi lako la kuogelea na chokaa, na palipochubuka mwani huwahi kuota. Matumbawe ya matawi hukua upesi, mengine hata sentimita 10 kwa mwaka. Yale makubwa ya mviringo huongeza takriban sentimita 1, kwa hiyo lenye kimo cha mtu lina zaidi ya karne.

"Sigusi kitu, basi siharibu." Hapa hukosea hata wenye vyeti. Tatizo ni miguu. Mzamiaji aliyejifunga vizito vya risasi kupita kiasi huogelea kichwa juu, mapezi chini. Kila teke huvunja ncha za matawi au hutimua mchanga, na tumbawe lililofunikwa hutumia nguvu zake kutoa ute wa kujisafisha.

Pima kama vizito vyako vinatosha mwisho wa kuzamia, mtungi wa hewa ukibaki na bar 50 (kipimo cha shinikizo). Toa hewa yote kwenye jaketi la kuelea, tulia wima bila kupiga teke, shikilia pumzi ya kawaida. Maji yafike usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uzame taratibu. Ukizama na pumzi kifuani, punguza kilo moja, upime tena. Ukipima mtungi umejaa, ongeza kama kilo 2, maana hewa utakayoivuta ina uzito wake. Geji, kipimo cha hewa ya mtungi, nayo ifungwe kifuani. Ikining'inia hukwaruza kama nanga ndogo.

"Nanga ikitupwa mchangani haidhuru." Upepo ukigeuka, chombo huzunguka na mnyororo hufagia mwamba. Funga chombo kwenye boya. Kama halipo, nahodha abaki akielea na chombo.

"Sheria kali hufukuza wageni." Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, kimehifadhiwa tangu 1994. Mgeni huogelea juujuu kwa miwani na mrija, mtungi haruhusiwi. Walinzi wa mwanzo walikuwa wavuvi wa jirani, na wageni wanaendelea kuja.

"Tumbawe likiwa jeupe limekufa." Bado. Joto limelifanya liutoe mwani mdogo sana unaoishi ndani yake na kulilisha, nalo linaishi kwa njaa. Maji yakipoa mapema, rangi hurudi. Likiwa bado jeupe, wapeleke wageni kwingine, hasa maji yakipwa wakati wa bamvua, mapezi yanapokaribia kugusa mwamba.