Sistimu, seva na fomu ya mjomba

Wakati wa kampeni kaa kwa kinyozi yeyote hapa Mombasa, hata nusu ya kichwa haijaisha utakua ushasikia "hii nchi ina wenyewe". Hakuna anayeuliza hao wenyewe ni kina nani. Wengine huwaita sistimu, wengine serikali ya chini kwa chini, lakini maana ni ile ile: kuna watu wamekaa mahali, wameshaamua, na sisi tunapanga foleni bure. Mimi kazi yangu ni kufundisha maejenti wa vyama na waangalizi namna ya kusoma fomu za matokeo, kwa hivo haya maneno nayasikia kila uchaguzi na watu hudhani nitawacheka. Siwacheki.

Siwacheki kwa sababu serikali yenyewe ndio ilitusomesha kutoiamini. Machi 1975 mbunge J.M. Kariuki alipotea, Bunge likaambiwa na makamu wa rais kwamba yuko Zambia, kumbe ameuliwa, maiti imeokotwa Ngong na iko mochari hapo hapo Nairobi haina jina. Februari 1990 waziri wa mambo ya nje Robert Ouko akapatikana kilimani Got Alila kule Koru, amepigwa risasi na kuchomwa moto, na polisi mwanzo wakaleta habari za kujiua. Yani mtu ajipige risasi ya kichwa alafu ajichome, haya. Aliyelelewa na hizi habari sebuleni kwao huwezi kumwambia leo "amini taasisi", atakuangalia tu.

Uchaguzi nao ukaongezea. 2007 mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Samuel Kivuitu, alimtangaza Kibaki mshindi wa urais alafu siku chache baadaye akasema hajui kama kweli Kibaki alishinda, na wakati huo watu washaanza kuchinjana, walikufa zaidi ya 1,100. 2017 Chris Msando, yule meneja wa teknolojia wa tume, aliuliwa kama wiki moja kabla ya kura. Mahakama ya Juu ikaamuru seva, yani kompyuta za tume zinazopokea matokeo, zikaguliwe, tume ikazunguka zunguka, Septemba 1 uchaguzi ukafutwa na "fungua seva" ikabaki kwa midomo ya watu mpaka leo. Hapo mimi nasema wazi, wenye shaka walikua na haki yao. Marudio yakaitwa Oktoba 26, upinzani ukasusia, waliojitokeza hawakufika hata asilimia 40.

Lakini mwenye shaka na mwenye kuamini hao "wenyewe" ni watu wawili tofauti, na tunawachanganya. Mwenye shaka anauliza swali, ukimjibu ananyamaza ama anauliza jingine. Huyu wa pili ukimjibu, jibu lako ndio linakua ushahidi kwamba na wewe uko ndani.

Tuchukulie mfano 2022. Kituo kikimaliza kuhesabu kura za urais, msimamizi anajaza Fomu 34A, maejenti wanatia sahihi, nakala inabandikwa mlangoni na picha inatumwa tume. Safari hii tume ikaziweka hizo picha kwa tovuti yake, vituo 46,229, yeyote mwenye bando anafungua na kujumlisha. Sijawahi kuona kitu kama hicho hapa kwetu na niliwaambia wanafunzi wangu sasa maneno yatapungua. Nilikosea vibaya.

Agosti 15 mwenyekiti wa tume, Chebukati, akamtangaza Ruto amemshinda Raila, makamishna wanne wa tume hiyo hiyo wakiongozwa na Juliana Cherera wakayakana matokeo, kesho yake wakasema asilimia za wagombea zikijumlishwa zinafika 100.01 na hiyo 0.01 ni kura kama elfu 142. Chukua kalamu basi: 50.49, 48.85, 0.44, 0.23. Ni kweli zinafika 100.01, kwa sababu kila moja imekadiriwa desimali mbili, mtoto wa darasa la saba anajua. Na asilimia 0.01 ya kura milioni 14.2 ni kama 1,420, sio elfu 142. Ile sentensi ilizunguka kwa simu za watu wiki nzima na hesabu yake haikuzunguka na mtu. Septemba 5 Mahakama ya Juu ikayakubali matokeo, majaji wote saba, na ikasema baadhi ya rekodi za kompyuta zilizoletwa kama ushahidi wa udukuzi zilikua za uchaguzi wa 2017 na nyingine za kughushi kabisa.

Mjomba wangu wa Changamwe alinitumia skrinshoti ya 34A moja, namba imezungushiwa duara jekundu, "ona hapa wameongeza moja". Nikaenda kwake jioni, nikampa shikamoo, nikafungua tovuti, nikatafuta kituo, tukavuta picha mpaka ikajaa skrini. Ile "moja" ilikua mkunjo wa karatasi. Nikamuonyesha na picha ambayo ejenti mmoja alipiga pale mlangoni mwa skuli usiku ule, namba zile zile.

"Basi walibadilisha kabla ya kubandika."

"Mjomba, sahihi ya ejenti wa chama chako hii hapa."

"Alinunuliwa, mwanangu, wewe hujui watu."

Nikanywa chai yangu. Alafu nikamuuliza yeye alipiga kura saa ngapi, foleni ilikua vipi. Akavuta kikombe, akasema hakuenda. Si Raila safari hii alikua anaungwa mkono na Rais Uhuru mwenyewe, sistimu yote iko na sisi, wewe ukaunguzwe na jua ya nini. Na kule upande wa pili Ruto, aliyekua naibu rais tangu 2013, alizunguka nchi nzima akijitetea dhidi ya hiyo hiyo sistimu, na watu walimpigia makofi. Kwa hivo sistimu moja, mmoja anaitumia kuamsha watu wake na mwingine watu wake wanailalia, na hakuna aliyeiona. Sisemi waliobaki nyumbani wote walibaki kwa hilo, wengi walikua wamechoka tu na wanasiasa. Ila mjomba sio peke yake, darasani kwangu nimewasikia wengi.

Tofauti ya Ruto na Raila ilikua kura 233,211. Inaonekana nyingi, ila gawa kwa vile vituo 46,229 unapata kura tano tano kila kituo. Nikamfanyia mjomba ile hesabu nyuma ya risiti ya tokeni za stima, polepole, na yeye akiangalia kila namba, nikamwambia ni wewe na shangazi na watoto wako watatu.

Akaikunja ile risiti akaitia mfukoni. "Unaona sasa," akasema. "Hata hiyo tano walipanga."