Mita mia tatu kutoka kituoni

Shuka kituo chochote cha mabasi ya mwendokasi kati ya Ubungo na Kimara, Dar es Salaam, uiache Barabara ya Morogoro, uingie mtaani. Haichukui muda lami inakuishia. Mvua ikinyesha utaona watu wamekunja suruali, viatu mkononi. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu kazi ya mipangomiji mimi huwapeleka huko kwanza, ramani wataziona baadaye.

Barabara kuu ile ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, chini ya wizara ya ujenzi. Mwendokasi uko chini ya DART, wakala wa TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Ukishatoka kituoni, njia unayokanyaga ni ya TARURA, wakala wa barabara za mitaa na vijijini, nayo ya TAMISEMI, ila fungu lake la fedha ni jingine. Leseni ya daladala inatoka LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini. Ghorofa inayoota pembeni imepewa kibali na manispaa, na hati ya kiwanja ni habari ya wizara ya ardhi. Pita ofisi hizo zote, kila moja itakuonesha mpango mzuri tu.

Kinachonisumbua zaidi ni halmashauri. Kisheria ndiyo mamlaka ya upangaji: inaamua wapi pajengwe makazi, wapi soko, wapi paachwe wazi. Lakini tangu 2017, TARURA ilipoanzishwa, barabara za mitaa zimetoka mikononi mwa halmashauri. Mpangaji anachora mtaa, pesa ya kuuchonga iko kwa mwingine. Diwani anabaki kujibu maswali ya wapiga kura kuhusu barabara asiyoisimamia.

Halafu 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa, Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Sikuililia sana ile ya zamani, maana ilikuwa haina hata ardhi yake, ardhi yote ilikuwa ndani ya manispaa. Ila ilikuwa na meza ambayo manispaa zote zilikaa pamoja. Leo njia ya Kivukoni hadi Kimara, kilomita kumi na sita hivi, inagusa Ilala, Kinondoni na Ubungo, na anayezikutanisha ni ofisi ya mkoa, ambayo yenyewe si mamlaka ya upangaji.

Na mkoa nao una mpaka wake. Mto Msimbazi unaanzia milima ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Mtu akikata miti au akijenga huko juu, maji yanashukia Jangwani, hapohapo mabasi yalipojengewa karakana. Mafuriko yameshaifunga barabara ile mara nyingi, abiria wamekwama Magomeni wakiuangalia mji ng'ambo.

Dawa yangu ni ndogo, wenzangu wengine huicheka: mkandarasi wa barabara kuu asikabidhiwe eneo mpaka TARURA na manispaa wawe wametia saini michoro ya njia za miguu na mitaro, mita mia tatu kila upande wa kituo, na fedha yake imo ndani ya mradi uleule. Usiposhika fungu, umeshika karatasi.

Kuna kikao nilihudhuria kuhusu kipande kimoja cha barabara, ofisi tatu zikaja na ramani tatu, na upana wa hifadhi ya barabara, yaani eneo lililotengewa barabara, haukufanana hata kwenye mbili. Asubuhi nzima iliishia hapo. Mchana tukakubaliana itumike ramani moja. Kijana wa kompyuta akauliza itatunzwa ofisi ya nani. Kikao kikaahirishwa.