Sumu ni nini? Methanoli na jinsi seli inavyojeruhiwa

Sumu ni kitu chochote ambacho kikiingia mwilini kwa kiasi fulani na kwa njia fulani huvuruga kazi ya seli. Kuhusu kiasi, Paracelsus, tabibu mzaliwa wa Uswisi, aliandika mwaka 1538 kwamba kipimo pekee ndicho kinachoamua kitu kiwe sumu au kisiwe. Hata maji yana kiasi cha kuua. Njia nayo ina uzito wake: zebaki ya kipimajoto ikimezwa hutoka karibu yote na choo, lakini mvuke wake, ule wanaouvuta wachimbaji wadogo wanaochoma zebaki kupata dhahabu, huingia mapafuni na kufika hadi kwenye ubongo.

Kuna jambo la tatu ambalo wengi hulisahau, nalo ni lile mwili wenyewe unalokifanyia kile kitu. Mara nyingi kinachoua si kile kilichonywewa, bali ni kile ambacho ini limekigeuza kuwa. Methanoli, aina ya pombe ya viwandani isiyofaa kunywewa, inalionyesha hili vizuri kuliko sumu nyingine nyingi, na Afrika Mashariki imelilipia. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa katika mitaa ya mabanda ya Mukuru, Nairobi, na wengine wakapofuka, baada ya kunywa kumi kumi (pombe haramu ya bei nafuu) yenye methanoli. Aprili 2010 waragi (pombe kali ya Uganda) wa namna hiyohiyo uliua watu wengi Kabale, Uganda.

Methanoli yenyewe hulewesha tu, tena kidogo kuliko ethanoli, ile pombe ya kawaida. Ikifika kwenye ini, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini) kilekile kinachovunja ethanoli huigeuza kuwa fomaldehaidi, ambayo haikai: ndani ya dakika chache imeshakuwa asidi ya fomiki. Hapo ndipo kwenye kikwazo. Binadamu huondoa asidi hiyo polepole, kwa kutegemea akiba yake ya folati, aina ya vitamini B, hivyo inarundikana. Ndiyo maana mtu hunywa jioni, akalala, akaamka akidhani ni uchovu wa pombe tu, kisha saa 12 hadi 24 baada ya kunywa tumbo linauma, anatapika, anahema haraka, na macho yanaona weupe kama ukungu. Aliyechanganya na pombe ya kawaida anaweza kuchelewa zaidi ya hapo.

Sasa tuingie ndani ya seli. Asidi ya fomiki hushika kimeng'enya cha mwisho katika mnyororo wa upumuaji wa mitokondria (vinu vya nishati vya seli), kile kinachoipokea oksijeni. Oksijeni ipo kwenye damu, hata kipimo cha kidoleni kinaweza kusoma 98%, lakini seli haiwezi kuitumia. Uzalishaji wa ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, unashuka. Pampu za kwenye utando wa seli, zinazotoa sodiamu nje kwa kutumia ATP, zinalegea. Sodiamu inabaki ndani, maji yanaifuata, seli inavimba. Seli hujaribu kujikimu kwa kuvunja glukosi bila oksijeni, inazalisha asidi ya laktiki, na uasidi unapanda juu ya ule wa fomiki. Mpaka hapa jeraha bado linarudishika: sumu ikiondolewa, seli hunywea na kurudi kazini.

Likivuka hapo, kalisi (kalsiamu) huanza kumiminika ndani. Kwa kawaida kalisi huru ndani ya seli ni kidogo mno kuliko nje, takriban sehemu moja kwa 10,000, na ikipanda huamsha vimeng'enya vinavyokata protini na mafuta ya utando. Mitokondria zinatoboka, utando unapasuka, vilivyomo vinamwagika na kuleta uvimbe kwa jirani. Hiyo ndiyo nekrosisi. Ni tofauti na apoptosisi, ambapo seli hujimaliza kwa mpangilio na mabaki yake kumezwa kimyakimya.

Kwa nini macho? Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na neva ya jicho hula nishati nyingi, na mitokondria za hapo hazina ziada ya kuhimili kuzuiwa. Sehemu fulani za ndani ya ubongo huathirika kwa sababu hiyohiyo. Seli za ini zikifa huota nyingine. Za neva ya jicho haziongezeki tena.

Kuna kipengele kinachofaa kukumbukwa na kila anayehudumia mgonjwa wa namna hii. Damu inapozidi kuwa na asidi, sehemu kubwa zaidi ya fomiki huwa haina chaji, na isiyo na chaji ndiyo inayopenya utando wa seli kwa urahisi. Asidi inaifungulia asidi mlango. Bikaboneti ya mshipani, dawa ya kupunguza asidi, basi, haisawazishi namba za maabara tu. Inapunguza pia kiasi kinachoingia kwenye jicho.

Tiba yenyewe inafuata mantiki ya sumu. Kimeng'enya cha ini hupendelea ethanoli takriban mara 10 hadi 20 kuliko methanoli, kwa hiyo hospitalini mgonjwa hupewa ethanoli mpaka ifike miligramu 100 hadi 150 kwa kila mililita 100 za damu, na methanoli inabaki bila kugeuzwa. Dawa iitwayo fomepizoli hufanya kazi hiyo bila kulewesha: miligramu 15 kwa kilo ya uzito, kisha 10 kila baada ya saa 12. Ni ghali, na hospitali nyingi hazina. Hili halimruhusu mtu kumnywesha mgonjwa pombe kali nyumbani. Aliyelegea hupaliwa na matapishi yakaingia mapafuni.

Kuzuia kimeng'enya hakuondoi methanoli. Kimeng'enya kikishazuiwa, nusu ya methanoli huchukua takriban siku mbili kutoka, ndiyo sababu wenye asidi kali au macho yaliyoguswa husafishwa damu kwa mashine, na asidi ya foliniki, aina ya folati, huongezwa ili kuharakisha kuvunjwa kwa fomiki.

Pombe ya kienyeji ikipikwa kawaida huwa na methanoli kidogo tu, na ethanoli iliyomo humkinga mnywaji. Vifo vya wengi kwa mpigo hutokana na methanoli ya viwandani iliyoongezwa ili kinywaji kiwe kikali. Kuonja na kunusa hakuitambui, na kukiwasha kinywaji kwa kiberiti ili kuangalia mwali hakutegemeki kwenye mchanganyiko. Mmoja akianza kuona ukungu, wote waliokunywa chombo kimoja naye wapelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata wanaojisikia wazima, na kilichobaki kwenye chupa kipelekwe pamoja nao.