Ustahimilivu wa endotoksini: kwa nini seli za ubongo hazishtuki vilevile mara ya pili

Bakteria wa kipindupindu, wa homa ya matumbo na E. koli wa utumboni wana jambo moja linalowafananisha: utando wao wa nje umejaa molekuli ya mafuta na sukari iitwayo lipopolisakaridi, kwa kifupi LPS. Mwaka 1892 Richard Pfeiffer, akifanya kazi Berlin katika taasisi ya Robert Koch, aliona kwamba hata bakteria wa kipindupindu waliokwisha kufa waliwadhuru simbilisi wa maabara. Sumu ilikuwa imo ndani ya mwili wa bakteria wenyewe, naye akaiita endotoksini; ndiyo hiyo LPS.

Mwili ukikutana na LPS mara ya kwanza hupandisha homa na kuwasha mchochota, yaani uvimbe na joto la mwili unapopambana na vijidudu. Ikirudi baada ya siku moja au mbili, mwitikio huwa hafifu. Huo ndio ustahimilivu wa endotoksini. Katika miaka ya 1940, Paul Beeson wa Marekani aliwadunga sungura chanjo ya homa ya matumbo, yaani bakteria wake waliouawa, mara kwa mara, na homa yao ikawa inapungua kadiri sindano zilivyoendelea.

Utafiti mwingi umefanywa kwa seli nyeupe za damu, lakini ubongo nao una askari wake, yaani mikroglia. Juu ya seli hizi kuna kipokezi TLR4, ambacho Bruce Beutler na wenzake walionyesha mwaka 1998 kuwa ndicho kinachoitambua LPS. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2011. LPS ikinaswa, ujumbe hupita kwa protini za MyD88 na IRAK mpaka kwenye kiini cha seli, jeni zikawashwa, na seli ikamwaga TNF, IL-1 na IL-6, kemikali zinazochochea mchochota. Astrosaiti, seli zinazozihudumia neva, hushiriki pia. Seli za neva nyingi zina TLR4 kidogo sana, isipokuwa zile za kuhisi maumivu, kwa hiyo habari huzifikia zaidi kupitia kemikali zilizomwagwa na majirani zao.

Mahali pazuri pa kulitazama jambo hili ni area postrema, kisehemu kidogo chini ya ubongo kinachohusika na kutapika. Pale hakuna kile kizuizi kinachotenga damu na ubongo, hivyo LPS iliyomo kwenye damu inafika moja kwa moja. Watafiti huchukua seli za hapo kutoka kwa watoto wa panya na kuzikuza kwenye kisahani: neva, astrosaiti na mikroglia kwa pamoja. Zikitiwa LPS, TNF hupanda. Zilizoonjeshwa LPS mapema hutoa TNF kidogo. Kisahani hakina ini la kuisafisha LPS wala tezi za kutoa kotisoli, homoni inayotuliza mchochota, kwa hiyo badiliko hilo ni la seli zenyewe.

Wengine husema seli "zimechoka". Mimi siafiki. Ndani yake protini za kuzuia ujumbe, kama IRAK-M na A20, huongezeka, na namna DNA ilivyofungashwa hubadilika. Mwaka 2007 kundi la Ruslan Medzhitov lilionyesha, kwa makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu), kwamba jeni za mchochota hunyamazishwa huku nyingine nyingi, zikiwamo za kuua vijidudu, zikiendelea kufanya kazi. Seli iliyochoka haichagui hivyo. Hata hivyo ustahimilivu huu una gharama: mgonjwa wa sepsisi, yaani maambukizi makali yanayovuruga viungo vya mwili, ambaye seli zake nyeupe zimeingia katika hali hii hupatwa kirahisi na maambukizi mengine.

Kipimo na idadi ya dozi ndivyo vinavyoamua mambo, na hapa ndipo ubongo unaposhangaza. Mwaka 2018 kundi la Jonas Neher huko Tübingen, Ujerumani, liliwadunga panya LPS tumboni, sindano moja kwa siku. Baada ya sindano ya pili mchochota wa ubongo ulizidi wa kwanza, ingawa kwenye damu ulikuwa umeanza kushuka. Kufikia ya nne, ubongo nao ulikuwa umetulia. Mikroglia huishi muda mrefu, na alama zilizoachwa na sindano hizo ndani yake zilidumu miezi. Baadhi ya panya hao walikuwa wa aina iliyofugwa ili ipate mabonge ya amiloidi, protini inayogandamana ubongoni, kama ya ugonjwa wa Alzheimer. Miezi sita baadaye, kati ya hao, waliodungwa mara moja walikuwa na mabonge mengi kuliko wasiodungwa, na waliodungwa mara nne walikuwa na machache kuliko wasiodungwa.