Je, wajua kwa nini "run" ya Kiingereza ina maana 645?

Mwulize mtoto wa darasa la tatu maana ya "run", atakujibu papo hapo: kukimbia. Hajakosea. Ila Peter Gilliver, mhariri wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, alikaa na kitenzi hicho karibu miezi tisa, na mwaka 2011 ikajulikana kwamba amekihesabia maana 645. Katika toleo la 1989 la kamusi hiyo, bingwa alikuwa "set", yenye maana 430 hivi.

Jaribu kuzifuata kwa Kiswahili uone kioja. Pua yenye mafua "inakimbia". Kitenge kikichuja rangi kwenye beseni, rangi "imekimbia". Mwenye duka "analikimbia" duka lake, na basi "linakimbia" kila nusu saa hata likiwa limekwama kwenye foleni. Sukari ikikuishia, aliyekimbia si sukari, ni wewe. Mwanasiasa wa Marekani "anakimbia" kuutafuta urais, lakini mwenzake wa Uingereza anayetaka ubunge "anasimama". Sisi tunagombea, neno la ukoo mmoja na ugomvi, na kwa chaguzi tulizoziona sidhani kama aliyelichagua alikosea.

Sehemu kubwa ya jibu imo kwenye mkia wa kitenzi. Gari linakwenda, dereva analiendesha. Kimbia, kimbiza, kimbilia, kimbizana: kila kipande tunachopachika kinazaa neno lenye kazi yake, na "kimbia" inabaki na mzigo mwepesi. Zaidi ya miaka elfu iliyopita Kiingereza nacho kilikuwa na vitenzi viwili vya jamaa moja: "rinnan", kukimbia au kutiririka, na "ærnan", kukimbiza, hasa farasi. Matamshi yakachakaa, vikaungana, na "run" ikarithi kazi za wote wawili. Ndiyo maana unaweza ku-"run" mwenyewe na ukai-"run" kampuni bila kubadili herufi. Tena pua ile haikuanza kama mzaha: kutiririka ni maana ya tangu enzi hizo.

Kisha zikaja mashine. Kinu, treni na injini zilihitaji kitenzi cha kusema kwamba zinafanya kazi, na neno fupi lenye mwendo ndani yake lilikuwa tayari mlangoni. Kompyuta ilipofika, programu nazo zikaanza "kukimbia".

Halafu kuna vile vijineno vinavyofuata nyuma. Ukiweka "into", umekutana na mtu bila kutarajia, au umegonga ukuta. Ukiweka "over", gari limemkanyaga mtu. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiingereza anapotoka jasho, kwa sababu kujua "run" na kujua "over" hakumfikishi huko.

Lakini tusiwacheke Waingereza sana. Mgeni anayejifunza Kiswahili huambiwa kwamba "piga" ni kuchapa, kisha anasikia tumepiga pasi, tumepiga mswaki, tumepiga deki, tumepiga kura, na jioni fulani kapiga maji hadi kapiga mweleka. Kwetu "piga" haibadiliki hata herufi; nomino inayokuja baada yake ndiyo inayobeba maana. Akiuliza nani aliyepigwa, mwonyeshe pasi.